Kifuko cha Maji Ndani ya Jicho: Kitazame, Kiandike, Kitazame Tena

Katika somo la leo tutazungumza juu ya jicho. Hatutazungumza juu ya vikope wala mtoto wa jicho, maana magonjwa hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi. Leo tutajifunza juu ya kifuko kidogo cha maji ambacho huota ndani ya jicho, kwenye ile sehemu yenye rangi. Si ugonjwa wa watu wengi. Katika zahanati yetu, kwa miaka 4 niliyofanya kazi, nimewaona wagonjwa wawili tu. Lakini mmoja wa hao wawili nilimhudumia vibaya, na ndiyo sababu ninaandika somo hili.

JICHO LIMEJENGWAJE

Chukua kioo cha kujitazamia, ukae karibu na dirisha wakati wa mchana. Tazama jicho lako. Kuna sehemu nyeupe. Katikati ya nyeupe kuna duara lenye rangi. Kwetu sisi wengi ni rangi ya kahawia iliyokolea. Katikati ya duara hilo kuna doa jeusi la mviringo. Hilo doa jeusi ndiyo mboni. Watu wengi hudhani mboni ni kitu, kama punje. Sivyo. Mboni ni tundu. Mwanga huingia ndani ya jicho kwa kupitia tundu hilo.

Sasa funika macho yako kwa viganja, hesabu mpaka kumi, kisha ondoa viganja na utazame kioo upesi. Utaona tundu lilikuwa kubwa na sasa linajifinya. Kinacholifinya ni lile duara la rangi. Duara hilo ni kama pazia la dirisha. Jua likiwa kali pazia hufungwa, giza likiingia pazia hufunguliwa. Waganga huliita duara hilo airisi.

Mbele ya airisi kuna kioo cha jicho. Kati ya kioo hicho na airisi mna nafasi ndogo yenye maji safi. Nyuma ya airisi kuna lenzi, ambayo ndiyo hugeuka nyeupe mtu apatapo mtoto wa jicho. Vyote hivi vimekaa mahali padogo sana. Duara zima la rangi kwa mtu mzima lina upana wa milimita 12 hivi. Tazama rula ya mtoto wa shule: milimita 12 ni sentimita moja na vistari viwili. Kitu cha milimita 3 kikianguka shambani hukioni tena, lakini ndani ya jicho ni kikubwa.

KIFUKO HUTOKA WAPI

Airisi ni kama koti lenye bitana. Kwa mbele kuna kitambaa, na kwa nyuma kuna bitana nyeusi ya matabaka mawili yaliyoshikana. Pengine matabaka hayo huachana mahali fulani, na maji huingia katikati. Hapo ndipo panapofanyika kifuko. Waganga hukiita sisti. Kifuko cha namna hii mara nyingi kimejificha nyuma ya airisi, na mwenyewe hana habari nacho. Hakiumi, hakiwashi, hakitoi tongo. Kikichungulia kwenye ukingo wa mboni, huonekana kama ushanga mweusi au wa kahawia, laini juu. Vingi vya namna hii havikui, au hukua kidogo sana, na mtu huzeeka navyo bila madhara. Mara chache kifuko hung'oka na kuelea katika yale maji ya mbele. Mtu akiinamisha kichwa, nacho huhama.

Namna ya pili hutoka katika kitambaa cha mbele chenyewe. Hii huonekana zaidi kwa watoto, hata wachanga. Ukuta wake ni mwembamba, na kifuko huonekana kama tone la umande. Hiki huweza kukua. Kikiziba mboni ya mtoto mdogo, jicho lile halijifunzi kuona, na hata kifuko kikitolewa baadaye huenda uwezo wa kuona usirudi wote. Kwa hiyo mtoto mwenye kifuko hangoji hata mwezi. Apelekwe.

Namna ya tatu hufuata jeraha. Mwiba, waya, kijiti, au kipande cha chuma kilichoruka kutoka kwenye jembe hutoboa kioo cha jicho. Ngozi nyororo iliyo juu ya jicho huingizwa ndani pamoja nacho, kama mbegu inavyoingizwa udongoni kwa kijiti cha kupandia. Jeraha hupona na watu husahau. Miezi kadhaa baadaye, pengine miaka, ile ngozi huwa imeota na kufanya kifuko. Jambo hili huweza kutokea hata baada ya operesheni ya jicho, ingawa ni nadra. Kwa maoni yangu kifuko cha jeraha ndicho cha kuogopwa kuliko vyote, maana hukua, huleta wekundu na maumivu, na huweza kupandisha presha ya jicho.

Kuna kifuko kingine cha nadra ambacho si cha airisi yenyewe. Mahali ambapo nguruwe huzurura na vyoo havitumiki, mtoto wa tegu wa nguruwe huweza kufika jichoni na kukaa humo ndani ya kifuko chake. Nakitaja kwa sababu moja tu. Mtu mwenye kifuko jichoni asimeze dawa ya tegu kabla daktari wa macho hajamwona. Mdudu akifia ndani ya jicho, jicho huvimba vibaya.

KOSA LANGU

Mama mmoja mkulima alimleta mtoto wake kliniki kupimwa uzito. Nilipokuwa nikiandika kadi ya mtoto, niliona katika jicho la kushoto la mama, chini ya mboni, kitu cheusi kinachungulia. Nilimmulika kwa tochi. Nikamwuliza, "Mama, jicho hili linakusumbua?"

Akasema, "Hata kidogo, mganga. Baba watoto ndiye aliyekiona kwanza. Nami nikakiona kwenye kioo."

Jicho halikuwa jekundu. Alionyesha vizuri miguu ya herufi E kwenye chati. Hakuwa amepata jeraha lo lote. Nilikumbuka tuliyofundishwa chuoni, nikamwambia ni kifuko tu, aende nyumbani salama. Katika daftari niliandika: "Jicho la kushoto, uvimbe mdogo." Basi.

Huenda nilisema kweli. Lakini nilisema kweli kwa kubahatisha, na tena sikumwandikia barua ya kwenda kwa daktari wa macho.

Miezi 11 baadaye alirudi. Safari hii hakumleta mtoto. Aliketi kwenye benchi mpaka watu wakapungua, kisha akaingia na kuniuliza swali moja: "Mganga, kimekua?"

Nilifungua daftari. Uvimbe mdogo. Mdogo kama nini? Kama punje ya ulezi au kama punje ya mtama? Ulikuwa umeingia kwenye mboni kiasi gani? Sikuandika. Nilijaribu kukumbuka, lakini mtu anayeona wagonjwa 40 kwa siku hawezi kulikumbuka jicho la mtu mmoja baada ya mwaka. Nikamwambia, "Mama, sijui."

Mambo yalikuwa yamekwisha kuchafuka nyumbani kwake. Watu walimwambia ni saratani. Shangazi yake alikuwa amempata mtu wa kukitoa kwa wembe. Kama ningekuwa na kipimo cha mwaka uliopita, ningewajibu wote kwa sentensi moja. Sikuwa nacho.

Nilimwandikia barua aende hospitali ya mkoa, mwendo wa kilomita 80. Daktari wa macho alimpima vizuri, kisha akamwuliza swali lile lile: mwaka jana kilikuwa na ukubwa gani? Kwa kuwa hapakuwa na jibu, hesabu ilibidi ianze upya siku ile. Aliambiwa arudi baada ya miezi 3, kisha tena baada ya miezi 6. Nauli ya kwanza aliuza kuku. Nauli ya pili aliuza mbuzi. Sasa yapata miaka miwili na nusu, kifuko chake hakijabadilika, na anaitwa mara moja tu kwa mwaka. Sote tumefurahi. Lakini mbuzi yule ni kama nilimwuza mimi, kwa uvivu wa kalamu yangu.

Wazazi mnaopeleka watoto kliniki mnalijua jambo hili kuliko mnavyodhani. Mtoto ana kilo 9. Je, anakua au anadhoofu? Huwezi kujibu mpaka uone kwenye kadi mwezi uliopita alikuwa na kilo ngapi, na mwezi ule mwingine ngapi. Kilo za siku moja hazisemi kama mtoto anakua. Kifuko cha jicho ni vivyo hivyo. Hata daktari bingwa, akikiona mara ya kwanza, huweza kukuambia ni kifuko cha maji, lakini hawezi kukuambia kama kinakua. Hilo huonekana katika vipimo vya siku mbalimbali vikiwekwa pamoja.

NAMNA YA KUKITAZAMA

Macho yetu ni ya kahawia iliyokolea, kwa hiyo kifuko cheusi juu yake hakionekani upesi. Ukimulika tochi kutoka mbele, unaweza usione kitu. Mwache mwenzako akae, atazame mbele moja kwa moja. Wewe shika tochi kando, upande wa sikio lake, mwanga ukatize jicho kama jua la asubuhi linavyokatiza shamba. Kitu kilichoinuka huonekana wazi zaidi, pengine hutupa na kivuli upande wa pili. Doa bapa halina kivuli. Mulika kwa muda mfupi tu. Usiliguse jicho wala usilibonyeze. Kisha tazama jicho la pili namna ile ile, maana jicho zima ndilo la kulinganishia.

Tazama pia umbo la mboni. Mboni ya kawaida ni ya mviringo kama sarafu. Ikiwa imevutwa upande mmoja, kama tone la maji linalodondoka, andika hivyo, na mtu huyo apelekwe upesi.

NAMNA YA KUKIANDIKA

Kuonyesha mahali kifuko kilipo, waganga hutumia uso wa saa. Fikiri kwamba duara la rangi ni saa ya ukutani unayoitazama. Juu kabisa ni 12, chini kabisa ni 6. Hapa wengi hukosea, na mimi nilikosea nilipokuwa chuoni, mwalimu akanicheka. Sisi kwa Kiswahili, mshale mfupi ukiwa kwenye 6, tunasema saa kumi na mbili. Katika jicho tusifanye hivyo. Tumia tarakimu iliyoandikwa kwenye saa, si saa tunayoitaja. Ukiandika "saa kumi na mbili" kwa kifuko kilicho chini, atakayesoma kadi atakitafuta juu, asikione, aseme kimepona.

Jambo la pili la kukosea ni kulia na kushoto. Jicho la kulia ni la kulia kwa mgonjwa, si kwa wewe unayemtazama.

Ukubwa je? Usiweke rula kwenye jicho. Linganisha na upana wa ile sehemu ya rangi, kutoka ukingo wa nje mpaka mboni. Je, kifuko kimechukua robo ya upana huo, au nusu, au wote? Usilinganishe na mboni, maana mboni hupanuka na kujifinya. Kisha chora. Chora duara kubwa, na ndani yake duara dogo la mboni, halafu kifuko mahali pake. Huhitaji kuwa fundi wa kuchora. Mchoro mbaya wenye tarehe unafaa kuliko mchoro mzuri usio na tarehe. Ukisahau tarehe umefanya kazi bure.

Andika na uwezo wa kuona. Zahanati tunatumia chati ya herufi E, mgonjwa akiwa mbali mita 6. Ukiona kwenye kadi yako 6/6, maana yake unaona vizuri. Ukiona 6/18, maana yake kitu ambacho mwenye macho mazima angekiona akiwa mbali mita 18, wewe unakiona ukisogea mpaka mita 6. Nyumbani unaweza kujipima kwa kalenda ya ukutani. Simama mahali pale pale kila mara, mwanga ule ule. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, usome tarakimu. Kisha funika la pili. Watu wengi hawajipimi jicho moja moja, na jicho baya hujificha nyuma ya jicho zuri hata miezi mingi.

Siku hizi wengi wana simu za kupiga picha. Picha inasaidia, ikiwa imepigwa kwa mwanga ule ule na umbali ule ule, na ikiwa haitafutwa ili kupata nafasi ya picha za harusi. Lakini simu haioni nyuma ya airisi. Picha haichukui nafasi ya vipimo.

HOSPITALI WATAFANYA NINI

Ninaeleza haya kwa sababu watu huogopa wakidhani watang'olewa jicho. Kwanza utawekewa kidevu juu ya chombo kama kigoda, na daktari atakutazama kwa darubini yenye mwanga mwembamba kama uzi. Haiumizi. Atapima presha ya jicho, ambayo kwa kawaida ni kati ya 10 na 21. Pengine atakutia matone ya kupanua mboni ili aone nyuma ya pazia. Matone hayo huleta ukungu wa macho kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mtu wa kukushika mkono, wala usiendeshe baiskeli wala pikipiki siku hiyo.

Jambo kubwa analotaka kujua ni hili: ndani mna maji, au mna nyama? Kwa macho tu ni vigumu kusema. Kipo kipimo cha mawimbi ya sauti, ndugu yake kile wanachopimiwa kina mama wajawazito. Maji huonekana meusi na ukuta mwembamba kuyazunguka. Nyama huonekana imejaa. Mashine ya mawimbi ya kasi sana, yenye kuonyesha airisi kwa undani, ilitengenezwa Toronto, nchini Kanada, na kina Charles Pavlin na Stuart Foster karibu na mwaka 1990. Haipo kila hospitali. Ndiyo maana pengine daktari wa mkoa humtuma mgonjwa mbele, kwa mfano Muhimbili, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza.

Kuuliza kama ni nyama kuna sababu. Si kila kinundu cha airisi ni kifuko. Ukoma huweza kuacha chembe nyeupe ndogo kama lulu. Kifua kikuu huweza kuleta vinundu na wekundu. Na ipo saratani ya sehemu ya rangi. Kwetu watu weusi saratani hiyo ni nadra sana, huwapata zaidi watu weupe wenye macho ya rangi nyepesi, lakini nadra si kusema haipo.

Wakikuta ni kifuko cha maji kilichotulia, dawa yake ni tarehe. Hupewi vidonge wala matone. Unapewa siku ya kurudi. Hapa ndipo watu hukasirika: "Nimetoka mbali, wamenitazama tu!" Ndugu msomaji, kutazamwa huko ndiyo matibabu. Mara nyingi huanza na miezi 3 au 6, na kifuko kisipobadilika huenda mwaka mmoja mmoja. Kikikua, kikiziba mboni, au kikipandisha presha, ndipo hutobolewa kwa mwanga wa leza, au hunyonywa kwa sindano nyembamba, au hutolewa kwa operesheni. Daktari huchagua kwa kutazama ni kifuko cha namna gani.

KIJANA MCHUNGAJI

Mgonjwa wangu wa pili alikuwa mvulana wa miaka 9. Akichunga mbuzi, mwiba wa mgunga ulimchoma jicho la kulia. Alitibiwa hospitali, jeraha likapona, likabaki kovu dogo jeupe. Mwaka mmoja baadaye bibi yake alimleta. Alisema, "Mjukuu wangu ana chozi lisilodondoka."

Nilimulika kando. Karibu na kovu, kwenye 8, palikuwa na tone linalong'aa, limechukua robo ya upana wa rangi. Nilichora, nikaandika tarehe, nikawapa barua siku ile ile. Hospitali walipima milimita 2, wakasema arudi baada ya wiki 6.

Wiki hizo 6 ziliangukia wakati wa palizi. Hawakwenda. Lakini safari hii nilikuwa na daftari jingine, la tarehe za kurudi, na nililifungua kila Jumatatu. Siku zilipopita nilimtuma mwenyekiti wa kitongoji. Bibi alikuja na mtoto, na kadi akaitoa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mara tatu. Niliweka mchoro wangu kando ya jicho la mtoto. Sikuhitaji darubini. Tone lilikuwa limefika kwenye mboni, na mboni imeanza kuvutwa. Bibi mwenyewe, ambaye hakuwahi kwenda shule, aliangalia karatasi, akaangalia jicho, akasema, "Kimetembea." Kesho yake asubuhi walipanda basi.

Alifanyiwa operesheni. Jicho lile sasa linasoma 6/18. Si jicho kamili, lakini anaona ubao. Vifuko vya jeraha hupenda kurudi, kwa hiyo bado anaitwa, na bibi hakosi tena tarehe hata moja.

USINGOJE TAREHE

Tarehe ya kadi ni ya jicho lililotulia. Jicho likibadilika, tarehe haina kazi. Nenda siku hiyo hiyo ikiwa jicho linauma au limekuwa jekundu, ikiwa mwanga unakuumiza, ikiwa unaona ukungu, au ukitazama taa unaona duara la rangi kama upinde wa mvua kuizunguka. Nenda ukiona damu ndani ya jicho, au mboni imeacha kuwa mviringo. Maumivu makali ya jicho pamoja na kichwa na kutapika huweza kuwa presha ya jicho iliyopanda ghafula. Watu hudhani ni malaria, na mimi nisiposhika tochi naweza kudhani hivyo pia.

KUHUSU WEMBE NA MWIBA

Yule mtu wa wembe bado yupo, na wengine kama yeye wapo vijijini. Sitaki ugomvi nao. Nitaeleza tu kinachotokea. Kifuko kiko ndani, nyuma ya kioo cha jicho. Huwezi kukifikia bila kutoboa kioo hicho, na ukikitoboa kwa chombo kichafu, vijidudu huingia mahali ambapo hakuna njia rahisi ya kuvitoa. Jicho huweza kufa kwa siku chache. Zaidi ya hayo, kifuko cha jeraha kikitobolewa ovyo, ile ngozi iliyomo hutawanyika na kuota mahali pengi. Majani yaliyopondwa, mkojo, maziwa, sukari, hivyo vyote havifiki kwenye kifuko. Huunguza na kuchafua kioo tu.

Kuna jambo jingine ambalo hufanana na kifuko na ni hatari kuliko kifuko. Baada ya jeraha au kidonda cha jicho, kioo hutoboka, na airisi yenyewe huchomoza nje kupitia tundu. Huonekana kama kichwa cha nzi kimekaa juu ya jicho. Mtu akidhani ni uchafu au kifuko, akakivuta, amevuta airisi. Usikivute, usikikate, usikisukume ndani, usitie dawa yo yote. Funika kwa kikombe safi cha karatasi au kitu kigumu kisichogusa jicho, ukikaze kwa utepe, na mgonjwa asafirishwe siku ile ile.

ZOEZI KWA KIKUNDI CHA KISOMO

Kaeni wawili wawili karibu na dirisha. Kila mmoja achore jicho la kulia la mwenzake na jicho la kushoto. Andikeni tarakimu za saa kuzunguka duara. Mtu akiwa na doa lo lote kwenye rangi au kwenye sehemu nyeupe, onyesheni mahali pake kwa tarakimu. Andikeni jina na tarehe. Wekeni karatasi hizo, mrudie baada ya miezi 3 bila kutazama michoro ya kwanza, kisha mlinganishe.

Maswali ya kujadiliana:

1. Kadi imeandikwa: "Jicho la kushoto, 5, nusu ya upana wa rangi, 6/6." Mwenye kadi amekuja leo na kifuko kimechukua upana wote, naye anasema haoni tofauti. Mtamshauri nini?

2. Mtoto alichomwa na kijiti jichoni miaka miwili iliyopita, akapona. Je, kuna sababu ya kumtazama tena?

3. Katika nyumba zenu, kadi za hospitali hukaa wapi mvua ikinyesha?